Mdomo Huku, Sikio Kule

Nilikuwa napatana bei ya maturubai na mfanyabiashara wa Nakonde, upande wa Zambia, nimeshamshusha mara mbili na naiwinda ya tatu, simu ilipoita. Jirani wa rafiki yangu fundi akaniambia, "Kaka, mzee wa nyaya ametutoka asubuhi hii." Nikalipa bei ile aliyoitaja yule bwana, bila kupunguza tena. Wanaonifahamu hapa Tunduma watawaambia kuwa hilo peke yake lilitosha kuwa tangazo la msiba.

Marehemu alikuwa akiunganisha kompyuta na mizani, na printa, na vile vioo vya zamani vyenye kibodi ambavyo vyenyewe havina akili. Vinaonyesha tu kile kinacholetwa na waya. Intaneti haikumhusu. Alichukua waya mmoja, akachomelea plagi huku na huku, mashine mbili zikaongea ana kwa ana. Tulifahamiana alipokuja kuunga mizani ya ghala langu la mahindi. Niliuchungulia waya wake, nikahesabu nyuzi za ndani, nikarudia kuhesabu. "Bwana fundi, nyuzi zote hizi na umechomelea tatu tu. Nyingine nimenunua za nini?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Za kuwapa watu kama wewe cha kuuliza." Kisha akanieleza, kwa ile sauti yake iliyopita juu ya ngurumo za malori: "Huu ni mdomo, huu ni sikio. Mdomo wa huku uende kwenye sikio la kule, na wa kule uje kwenye sikio la huku. Ukiunga mdomo kwa mdomo, wote wanasema na hakuna anayesikia." Nikamuuliza, na wa tatu? "Huo ni ardhi. Wasipokanyaga ardhi moja, kinachofika ni takataka." Maneno hayo alimwambia kila mteja. Na hakukabidhi kazi mpaka watu wawili wakae, huyu mwisho huu na yule mwisho ule, mmoja aandike na mwenzake asome kwa sauti, halafu wabadilishane. Nilimwambia ananipotezea wafanyakazi. Akasema waya usiojibiwa ni kamba ya kuanikia nguo.

Halafu ugonjwa wa koo ukamnyang'anya sauti, yote, hata ya kunong'ona. Kitanda chake kikahamishiwa sebuleni ili aone watu. Mkewe, mama wa Kinyiha kutoka Ihanda aliyekulia kwenye mashamba ya kahawa, alishinda kwenye jiko la nyuma, ng'ambo ya ua, na mgonjwa hakuwa na namna ya kumwita hata akitaka maji. Tukamshauri atumie simu. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: simu za hapa mpakani hurukia mtandao wa Zambia bila kupiga hodi, neno la kumwambia mke wangu liende kwanza ng'ambo kufanya nini? Nilicheka. Akaichukua tena karatasi, akaongeza kwamba kufa hakuogopi, anaogopa kuita asisikike. Hapo sikucheka.

Akaamua kutega vioo viwili, kimoja kando ya kitanda na kingine jikoni juu ya kabati la vyombo, na waya upite uani. Alichomelea mwenyewe, ameegemea mito. Nilikuwepo siku ya kujaribu. Akaandika yeye, jikoni kimya. Akaandika mama, sebuleni kimya. Tukazima, tukawasha, kimya. Nikaona macho ya rafiki yangu yanalegea. Mama akavuka ua akijifuta mikono kwenye kanga, akasimama mlangoni. "Baba, mbona umeunga mdomo kwa mdomo? Si ndilo ulilokuwa unawagombezea watu maisha yako yote?" Fundi akaifungua plagi, akaangalia, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti. Akazipishanisha nyuzi mbili, mama akarudi jikoni, na muda mfupi baadaye tukamsikia kule nyuma akisoma herufi moja moja, kisha akapaza sauti: "'Chai haina sukari.' Mgonjwa gani huyu!"

Waliongea hivyo mpaka mwisho, yeye kwa haraka, mama kwa kidole kimoja. Vile vioo vilikuwa na tabia moja: anayeandika haoni alichoandika, anakiona mwenzake tu. Nililalamika kwamba hiyo ni biashara mbaya, unatoa mzigo na hubaki hata na nakala. Akaniandikia kwamba mke wake ndiye nakala.

Baada ya kumzika kwao, kwenye milima ya Ileje, nilirudi kumpa mama pole. Kitanda kilikuwa kimeshaondolewa, kioo kipo. Aliniambia kile cha jikoni kilikuwa bado na maneno ya mwisho ya mumewe, na alikataza mtu yeyote asikiguse. Ila siku ya pili ya msiba umeme ulikatika, na uliporudi kioo kilikuwa kitupu. Hakuniambia maneno yalikuwa nini, na mimi, ninayeuliza bei ya kila kitu, sikuuliza. Akaenda kuniandalia chai. Nikiwa nimekaa peke yangu, herufi zikaanza kutokea mbele yangu, moja baada ya nyingine: *baba chai tayari*. Kutoka jikoni akaita, "Shemeji, imefika?"

"Imefika, mama." Nikanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Basi usijibu. Hapo si pako."

Nikaurudisha mkono. Mji wetu huu una kelele nyingi kuliko idadi ya watu wake. Kila mmoja ana simu mbili na laini za nchi mbili, na wengi tumeungwa mdomo kwa mdomo. Nimetoka pale na jambo moja tu, nalo silipunguzi bei: kama kuna anayekusubiri mwisho wa pili wa waya wako, mjibu wakati bado yupo.