Majoka Madogo Mawili

Mpwa wa mzee aliyabandua majina ya Kilatini asubuhi moja, kizimba baada ya kizimba, bila hata kumtazama usoni.

"Mjomba, nani atanunua kitu asichoweza kukitamka?"

Mzee alikuwa ameyaandika kwa wino mweusi, kwa mkono wake, miaka thelathini. Shule aliishia darasa la nne. Kilatini alijifunzia nyuma ya duka hilo la wanyama wa kufuga, juu ya gunia la mchanga, kwenye kitabu kilichong'oka jalada. Enzi hizo mteja alikuja na daftari, akauliza, akasikiliza. Siku hizi wanapiga picha na kuuliza kama anauma.

Sasa vioo vya vizimba vilijaa karatasi za rangi. Pogona vitticeps, mjusi wa nchi kame, akawa "Joka Dogo". Physignathus cocincinus, yule wa kijani anayeishi kando ya vijito, naye "Joka Dogo". Wote wawili karatasi moja ya maelekezo: mchanga mkavu, taa kali.

"Hawa si wa aina moja," mzee alisema.

"Wana miba mgongoni wote. Inatosha."

Inatosha! Kichwa kitupu kama debe, na ndicho kinachotoa amri dukani siku hizi.

Wiki tatu baadaye mshonaji wa mtaa wa pili aliingia na boksi la viatu. Ndani alilala yule wa kijani aliyemnunua hapo, ambaye mzee alimlea tangu yai. Macho yamezama, ngozi imekunjamana.

"Babu, nimefuata karatasi neno kwa neno."

"Ndiyo maana anakufa."

Alijaza beseni maji ya uvuguvugu, akamlaza mjusi ndani, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akakaa hivyo mpaka mgongo ukamuuma. Mpwa akapita akicheka.

"Mjomba kageuka yaya!"

Mpumbavu hajibiwi, mikono ikiwa na kazi.

Adhuhuri ulimi ulitoka, ukagusa maji. Mjusi akanywa.

Mshonaji akasogeza boksi. "Nimchukue?"

"Andika jina lake kwanza. La kweli."

Mshonaji akaandika. Mzee akamtaka alisome kwa sauti, kisha aandike chini yake: maji, unyevu, matawi. Ndipo akamwachia mjusi wake, bila kwaheri.

Jioni mpwa alibandika karatasi mpya kwenye kizimba cha wale wa kijani waliobaki: "Joka Dogo la Kuogelea". Akajiona kafanya jambo. Mzee aliibandua, akaigeuza upande mweupe, akafungua wino.