Yai Lenye Alama ya Mkaa

Nimefungua mlango, harufu ya mayai ya kukaanga ikanipokea, na hasira zikanipanda hapo hapo.

Kwetu, nilipokuwa mtoto, kuku alitaga nyuma ya jiko, ndani ya karai bovu ambalo baba alikuwa akioshea dhahabu. Mama alichora yai moja kwa mkaa na kuliacha humo siku zote, ili kuku asione kiota kitupu akahama. Mengine tulikaanga kwa kitunguu, tukala na ugali wa udaga, unga wa muhogo mkavu.

Siku moja mama alikwenda kisimani, njaa ikanishinda. Nililisugua lile yai mpaka mkaa ukatoka, nikalipasulia kikaangoni. Viza! Uvundo ulijaa jiko zima.

"Wewe mtoto, masikio yako ni ya kazi gani?" mama alifoka. "Hata moja hukuacha? Sasa kuku atarudi wapi?"

Kweli, kuku akahamia kutaga kwa jirani.

Sasa nimeishika trei tupu ya mayai mbele ya friji, mwanangu anatafuna.

"Hata moja hukuacha?" nimefoka. "Sasa kuku atarudi wapi?"

Ameacha kutafuna.

"Kuku gani, mama?"