Maji ya Jua

Mume wangu ameweka tangi jeusi juu ya paa ili tusimalize umeme wa luku kwa kuoga. Jioni nikifungua bomba, maji yanatoka na harufu ya plastiki iliyoshinda juani, na mara moja nipo uani kwa shangazi, kijijini Mnero.

Shangazi alibania kuni. Sufuria moja tu ndiyo iliyobandikwa, na hiyo ilikuwa ya wanawe. Mimi, mtoto wa marehemu kaka yake, nilikuwa na dumu langu la njano, linaanikwa tangu asubuhi kama ufuta. "Huyu anaoga maji ya jua," aliwaambia wageni, kama anayenisifia. "Moshi hautaki kabisa." Nikajivuna. Nilidhani nimependelewa.

Lakini tulioga alfajiri, kabla ya shule, na dumu lilikuwa limelala nje usiku kucha. Wakati wa kipupwe nilijimwagia huku nimeng'ata upindo wa kanga nisipige kelele, nikiwasikia watoto wake wakilalamika kwamba yao yanaunguza.

Sasa shangazi amezeeka. Amekuja Nachingwea kutibiwa kifua, na amefikia kwangu. Leo alfajiri nilimkingia ndoo kwenye bomba la tangi, nikampelekea bafuni. Akachovya vidole, akavitoa haraka.

"Mwanangu, mbona ya baridi hivi? Hamna hata kuni?"

"Hayo ni maji ya jua, shangazi," nikamwambia, nikamfungia mlango.