Mtani Hakasirikiwi

Vijana wa siku hizi wakisikia utani wanadhani ni kuchekeshana tu. Mimi utani ulinilia mume, kwa hiyo niacheni niueleze ninavyoujua.

Sisi ni Wangoni. Babu zetu walipigana na Wahehe mpaka pande zote zikachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kukamata kuku wako akaenda zake, na wewe huna ruhusa ya kununa. Kwenye msiba ndipo huzidi. Atalala kaburini, atasema hatoki mpaka apewe kitu, na wafiwa watacheka huku wanalia, kisha watampa chochote ainuke. Asipokuja kufanya hivyo, wafiwa hujiona wametupwa.

Mume wangu alikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Bama kupigana na Mjapani. Huko alikufa Mhehe mmoja wa kikosi chao. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, mume wangu akafanya alichofunzwa na baba yake: akaingia, akalala chali, akasema Mhehe huyu anakoroma, hawezi kupewa chumba cha peke yake bure. Kaka wa marehemu, koplo, alikuwa anapapasa mfukoni atoe sigara ampe. Kabla hajaitoa, akatokea afisa wa Kizungu, mgeni katika kikosi, akaamuru yule mtu atoke kaburini. Mume wangu hakutoka. Hajapewa kitu, atatokaje? Akaamriwa tena, akabaki amelala. Afisa akaona askari anayekejeli maiti na kukataa amri. Wakamfunga, wakamfukuza jeshi, na katika kitabu chake cha jeshi wakaandika kwamba ameachishwa kwa tabia mbaya.

Maneno yale yalitufuata mpaka Dar es Salaam. Tulipanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya Mzaramo mwenye roho nzuri na paa bovu. Mimi nilikaanga vitumbua barazani. Yeye alizunguka kutafuta kazi: bandarini, Posta, hata kulinda ghala moja Mchafukoge. Kote waliuliza, wewe si uliwahi kuwa askari? Lete kitabu. Akikitoa wanakisoma, wanamrudishia bila kumtazama usoni. Basi akawa hamali wa sokoni, anabeba magunia ya viazi na mgongo wake ule uliokwisha kuchoshwa na vita. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa haipiti barabara yenye Sanamu ya Askari. Tukienda mjini ananizungusha mitaa mingine juani, na nikimuuliza anasema huku kuna kivuli. Kivuli gani!

Siku moja sokoni alikutana na yule koplo. Nilisikia matusi kutoka mbali, nikajua ni watani. Koplo alikuwa na kitabu safi na kazi ya ulinzi bandarini. Akamwambia mume wangu, "Wewe mwenzangu, kumbe bado unateseka kwa ajili ya msiba wangu? Andika barua, omba wafute yale maneno. Mimi nitakuja kuwaambia ilivyokuwa."

Barua ikaandikwa na mzee mmoja mwenye mashine ya chapa, ikapelekwa kwa wakubwa wa jeshi. Tukangoja mpaka nikakata tamaa, kisha akaitwa yeye na shahidi wake. Nilimpigia pasi shati lake. Nakumbuka alivyosimama mbele yangu nimfunge vifungo. Akasema, "Mama, leo tukirudi tutapita kwenye sanamu."

Ofisini kulikuwa na Mzungu na karani, kijana wa kutoka Kilimanjaro, aliyetafsiri. Mimi niliachwa kwenye benchi barazani, mlango wazi. Mume wangu alieleza vizuri, neno kwa neno. Moyo wangu ukaanza kutulia. Kisha koplo akaulizwa: unamfahamu mtu huyu, na tabia yake ilikuwaje?

Koplo akamtazama mume wangu juu mpaka chini. Nikaiona ile midomo inavyochezacheza, nikasema moyoni, ewe Mungu, asifanye. Akafanya.

"Huyu? Huyu mwizi! Uliona wapi Mngoni asiyeiba? Kule Bama tulilala na viatu shingoni kwa ajili yake. Msimfutie kitu, Bwana, mrudisheni jela!"

Mume wangu akaangua kicheko. Afanye nini? Ametaniwa na mtani wake. Walicheka wote wawili mbele ya ile meza mpaka koplo akajifuta machozi. Karani hakucheka. Alitafsiri yote, Mzungu akaandika yote. Ndipo koplo akashtuka: "Hapana, Bwana, usiandike! Namtania tu. Huyu ni mtu mwema kabisa, ni mtani wangu!" Karani akatafsiri na hilo. Mzungu akaweka kalamu chini. Akasema hata la kaburini aliambiwa ni mzaha, na sasa wamekuja kufanya mzaha ofisini kwake. Akawaambia waende.

Njiani koplo aliomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Mume wangu akampiga begani, akamwambia, "Acha, Mhehe. Mtani hakasirikiwi." Nilimchukia koplo, na siku ile nilimchukia na mume wangu pia kwa kusema vile. Tulirudi kwa njia ya kuzunguka.

Jibu lilikuja fupi: maneno yatabaki kama yalivyo. Hakuomba tena. Alirudi kwenye magunia, kifua kikaanza kumbana, na jioni alikaa ukingoni mwa kitanda ameugeukia ukuta. Nilimpikia, nikamkanda, nikamgombeza, nikamwombea. Hakuna kilichomfikia. Uhuru hakuuona.

Siku ya kumzika, jeneza lilipofika mlangoni, koplo alikuwa amelala kizingitini kama mila inavyotaka. "Hatoki huyu!" akasema. "Hatoki mpaka nilipwe!" Watu wakaanza kucheka. Mimi nikapita mbele ya jeneza, nikamsimamia koplo pale alipolala.

"Wewe ndiye uliyemuua," nikamwambia. "Ulimuua kwa ulimi wako mle ofisini, na leo umekuja kumlalia mlango."

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Mama mmoja wa kwetu akanipigia makofi, akasema mjane huyu anajua kujibu utani. Koplo peke yake hakucheka. Akainuka, akatoa sigara mfukoni, akaiweka juu ya jeneza. Watu wakacheka zaidi. Nami nikasogea pembeni, wakamtoa mume wangu na sigara yake.