Kipande cha antena cha Félicité

Félicité hakuwa mwanamke wa kuambiwa kitu mara moja akakubali. Hata kuendesha gari alijifunza kwa ubishi. Mumewe Venant alisema kamyoneti yao ni nzito kwa mikono ya mwanamke. Yeye akampokonya ufunguo, akaizungusha soko lote la Uvira mpaka wauza samaki wa ndagala wakavuta mabeseni yao pembeni. Mwaka wa uhuru Venant alifunga redio ndani ya gari, na antena ndefu ya kuvuta, na mtaa mzima ukaja kuegemea milango kusikiliza habari za Léopoldville. Tangu hapo redio ilikuwa ya Félicité, maana Venant alipenda zaidi kuimba mwenyewe.

Ukaja mwaka wa sitini na nne. Waasi wakaushika mji, ndege zikaanza kupita juu. Venant alipanda mtumbwi wa biashara kwenda Bujumbura, mtumbwi ukapigwa risasi, na kilichorudi ufukweni ni koti lake tu. Mama yake, Bernardine, alilipokea lile koti kama maiti, akataka matanga. Félicité akakataa katakata. Alisema koti si mtu, na hatamlilia mume ambaye hajasikia habari yake. Kila alasiri redio ya Bujumbura ilisoma matangazo ya watu wanaotafutana, naye alikuwa anasikiliza. Ndugu wa mume wakasema ana moyo wa jiwe. Wacha waseme.

Shida ilikuwa komanda Norbert, mkubwa wa wapiganaji wa barabara ya Luvungi. Huyu aliamini kwamba antena za magari ndizo zinazoita ndege, akaamuru zikatwe zote. Kamyoneti alimwachia Félicité kwa sababu madereva walikuwa wamekimbia na wapiganaji walitaka mihogo kutoka bondeni. Lakini antena aliikata kwa msumeno kwa mikono yake, kikabaki kipande cha urefu wa kidole. Kisha akamwamuru awashe redio, waone.

Félicité aliijua redio ile vizuri. Alijua kituo cha mbali kinadai antena ndefu, na cha karibu hakina makuu. Na Bujumbura ilikuwa pale tu, ng'ambo ya maji, bila hata kilima katikati. Basi akazungusha kitufe mpaka Léopoldville. Ikatoka ngurumo tupu, kama mvua juu ya bati. Norbert akaridhika, akaondoka na msumeno wake.

Félicité akaendelea kusikiliza. Kando ya ziwa sauti ilikuwa safi. Akipandisha kuelekea Luvungi inaanza kukwaruza. Kamanyola, chini ya milima, hapati kitu, ingawa zamani antena ndefu ilishika huko bila taabu. Kwa hiyo akapanga safari zake ili saa ya matangazo imkute ufukweni. Jina la Venant halikusomwa. Bernardine akachoka kungoja, akatangaza kwamba matanga ni kesho, mkwe atake asitake.

Siku ya matanga kuni zikaletwa uani tangu asubuhi. Alasiri, Félicité alipokuwa ndani ya gari ufukweni, Norbert akafungua mlango akaketi kando yake. Alitaka kwenda naye kufuata mihogo. Saa ya matangazo ilikuwa imefika. Redio iliyokatwa antena ikisikika inasema, mwenye gari ataitwa mpelelezi, na wapelelezi hawakuwa wakirudi kwao. Félicité aliogopa. Lakini asiposikia leo, jioni wangemnyoa nywele za ujane. Akanyoosha mkono, akawasha.

"Ile redio haisikie tena," Norbert akasema.

"Kama haisikie, unaogopa nini, komanda?"

Sauti ikaingia ndani ya kabini, wazi kabisa. Ikasoma majina ya watu wa Kalundu, ya watu wa Baraka. Kisha ikasema kwamba Venant, dereva wa Uvira, anamjulisha mama yake Bernardine na mkewe Félicité kuwa yuko hospitalini, mguu umevunjika, lakini ni mzima.

Norbert akaruka chini, akakishika kile kipande, akakipinda huku na huku mpaka kikang'oka, akakitia mfukoni. Akamwambia leo ataenda naye kwa wakubwa. Félicité akajibu kwamba kwanza anakwenda kwa mama mkwe, akatia gia. Ikabidi komanda adandie gari likiwa limeshaanza kutembea.

Uani moto ulikuwa umewashwa, wapiganaji kadhaa wa Norbert wameketi wakingoja chakula cha matanga, na shangazi mmoja ameshika wembe. Félicité akaeleza. Bernardine akaitazama kamyoneti isiyo na antena hata kidogo.

"Weye unanidanganya. Imesikia na nini?"

"Komanda alikuwa ndani, mama. Umuulize yeye."

Watu wote wakamgeukia Norbert. Akikubali, msumeno wake ulikuwa kazi bure, na wapiganaji wake walikuwa wanasikiliza. Bernardine akamshika mkono, akamuuliza kama mama anavyomuuliza mtoto wake, ni kweli amesikia? Norbert akautazama wembe, akalitazama koti lililotandikwa juu ya mkeka.

"Muzimishe ule moto, mama," akasema. "Mutoto yako iko muzima."

Bernardine akaketi chini akalia. Félicité hakulia. Alimwendea Norbert, akamfungulia kiganja mbele ya wapiganaji wake.

"Na kipande yangu, komanda."

Norbert akasema kimevunjika, hakifai tena kitu. Félicité hakuurudisha mkono mpaka komanda alipoutia wake mfukoni, akakitoa.