Makosa Ndani ya Kaye ya Mwalimu Kanyamibwa

Hapa Karuba watu wanapenda kusema eti Mwalimu Kanyamibwa walimufukuza kazi sababu alipiga mutoto. Uongo! Uongo mutupu! Ule mutoto njo mimi, Mukasine, na ile fimbo ilianguka kwa mugongo yangu. Munisikilize mimi.

Ilikuwa mwaka wa 1952. Masomo yetu, ile shule ya Wapadri, ilikuwa nyumba moja ya udongo, darasa mbili. Kanyamibwa alifundisha mwaka wa tatu, Théophile mwaka wa nne. Kila mwalimu alikuwa na kaye, daftari ya kutayarisha masomo, na kila samedi, mwisho wa juma, Padri mukubwa alikuwa anaitia sinyatire, jina lake kwa mukono. Kaye ya Théophile, weee, mwandiko safi kama ya mashini! Kila mwaka alikuwa ananakili ile ya mwaka uliopita, neno kwa neno. Mvua inanyesha ya kubomoa milima, kaye yake inasema: «Watoto watapima kiwanja inje.» Na Padri anatia sinyatire.

Kanyamibwa yeye alikuwa mugumu wa kichwa. Sisi tukirudi nyumbani, yeye alikuwa anabaki anakaa kwa banki, benchi yetu ya darasa, anajichunguza roho kama muntu anaenda kuungama. Leo nimekosa wapi? Nani hakuelewa, na juu ya nini? Anaandika yote chini ya somo la ile siku. Kisha njo anatayarisha ya kesho.

Siku moja alifuata kitabu ya masomo. «Mama anakata mukate vipande nane. Vitatu vinakuliwa. Inabaki sehemu gani ya mukate?» Aliniuliza mimi. Nikasema: «Mwalimu, mukate iko nini?» Darasa yote ikacheka. Alifikiri ninamuchokoza. Fimbo tatu! Nilirudi nyumbani ninalia, ninasema ule muntu simupendi tena, na masomo yake ibomoke.

Kesho yake asubui, muke wa Mwalimu, Mama Dancille, alikuja darasani na boga ya kupika ndani ya kitunga, ingali inatoa moshi. Mwalimu akasimama mbele yetu.

«Mukasine, jana ulikuwa na haki. Nilifundisha mukate kwa watoto hawajaona mukate. Sikutayarisha. Unisamehe.»

Yoo! Mwalimu, kwa mutoto! Hatukujua tuangalie wapi. Akakata boga vipande nane, vitatu tukakula, akauliza. Vidole vyote juu! Hata Hakorimana, ule alikuwa anasinzia tangu Pasaka, akajibu: sehemu tano juu ya nane.

Mwezi wa tano inspekteri wa masomo akafika, Muzungu mumoja wa sura nyekundu. Alisifu kaye ya Théophile. Alipofungua ya Kanyamibwa, akasoma kwa sauti: «Nimepiga Mukasine bure. Kosa iko yangu. Kesho boga.» Akaniita mbele.

«Alikupiga bure?»

Nilifikiri ukweli utamusaidia. «Ndiyo, Bwana, lakini kesho yake alitufundisha...»

«Inatosha.»

Mpaka leo ile «ndiyo» inanichoma. Akamugeukia Kanyamibwa: «Fimbo haina neno. Fimbo iko ya kazi. Lakini mwalimu anaandika amekosa, anaomba mutoto musamaha! Watamuheshimu na nini? Zambi unapelekea Padri, si kaye.» Akatoa wembe, ule wa kukwaruza wino. «Futa, ao uache kazi.»

Watoto makumi ine tulikuwa tunaona. Kanyamibwa aliangalia wembe, akaangalia sisi. Ile kazi njo alikuwa anapenda kupita kitu chote.

«Nikifuta, Bwana, mwaka ujao nitafundisha mukate tena.»

Akaweka chaki juu ya meza, akatoka. Théophile akapewa darasa zote mbili. Somo yake ya kwanza kwetu? Mukate!

Basi musinidanganye. Hawakumufukuza sababu alinipiga. Angenipiga mpaka leo, wangemusifu! Walimufukuza sababu alijua amekosa, na akatengeneza. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Wale wakubwa wanarudia kila mwaka, na mwandiko muzuri.

Leo ni 1958, na mimi ni monitrisi, mwalimu wa watoto, kule Nyamitaba. Juma iliyopita nilipita kwake. Nilimukuta ndani ya shamba ya maharagi, nywele imekuwa nyeupe. Hakuniuliza habari ya inspekteri, wala ya Théophile. Aliegemea jembe, akaniuliza: «Mukasine, ile ya boga, mulielewa kweli?»

«Tulielewa, Mwalimu. Sisi wote.»

Akainamisha kichwa. «Miaka sita, hakuna muntu aliniuliza kama mulielewa. Hata mumoja.»

Nilishuka ule mulima ninalia na hasira. Sasa inspekteri ni yule yule, na juma ijayo atafika kule darasa yangu. Kaye yangu iko juu ya meza, imefunguliwa, makosa yangu yote ndani. Wembe alete mwenyewe.