Utepe wa Vifungo

Mshonaji mashuka wa hospitali yetu ni mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kuitishia mkutano. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka presha ya macho ilipompofusha. Mwaka mzima mzee alishinda sebuleni. Hata kwenda chooni alisubiri ashikwe mkono, na hilo lilimuuma kuliko upofu wenyewe.

Siku moja mkewe alirudi nyumbani kutoka kazini na mabaki ya utepe mnene. Akaupigilia misumari ukutani, usawa wa kiuno, akaushonea vifungo penye kila mlango: kimoja jikoni, viwili chooni, vitatu chumbani.

"Haya mwalimu, tembea."

"Umenifunga kamba kama mbuzi?"

"Mbuzi hajui kuhesabu. Wewe unajua."

Mzee akacheka, akainuka. Alifika chooni peke yake, akakaa humo kupita haja yake. Mkewe akamsikia anapiga mluzi.

Hospitalini ndiko kulikobaki na kazi. Siku ya kliniki, mkewe akiwa kwenye cherehani, mwalimu alipotea koridoni akaingia chumba cha wauguzi cha kubadilishia nguo. Mayowe yalimfikia matroni, mkuu wa wauguzi. Mshonaji hakuona haya. Alimfuata matroni palepale, akaomba kuweka utepe kutoka mlango mkubwa hadi chumba cha macho.

"Nakupa wiki moja," matroni akasema. "Mtu akianguka, unaung'oa mwenyewe."

Mwalimu akawa wa kwanza kuujaribu. Punde akaita: "Mke wangu, umenileta stoo ya mafagio!"

Vifungo vilikuwa vimeshonwa kwenye mlango usio wao. Wakaanza upya pamoja, mke akishona, mume akipapasa kana kwamba anasahihisha madaftari. "Hapa umelegeza. Rudia."

Wiki ikapita, hakuanguka mtu. Kliniki iliyofuata akaja mama mmoja asiyeona, aliyezoea kuletwa na bintiye. Mwalimu akamwekea mkono kwenye utepe. Mama akaenda taratibu, akihesabu kwa sauti, akagonga mlango wa chumba cha macho mwenyewe. Matroni alikuwa amesimama pale na mafaili yake. Kesho yake ndipo alipomuuliza mshonaji: kufika maabara na dirisha la dawa, zinahitajika mita ngapi?

Siku hizi mwalimu huja kila Jumatatu kuwafundisha wagonjwa wapya kuufuata ukuta. Mkewe anadai anamsumbua kazini. Lakini nimemwona saa ya chai: akisikia hatua za haraka za mumewe koridoni, anazima cherehani na kumimina vikombe viwili.